Rudi Siku ya Ine

Ukimuuliza saa ngapi, alikuonyesha kanisa. Aliinua kidevu upande wa mnara wa misheni, kisha akarudi kwenye kazi yake. Wageni walikasirika. Mtu amekaa nyuma ya meza yenye saa kumi na tano, za mkono, za mfukoni, na moja ya ukutani yenye sanduku la mbao, halafu anakutuma ukasikilize kengele! Walidhani ni maringo. Mimi niliyekaa naye baraza moja kwa miaka mitano nilijua kwamba hayakuwa maringo, na sababu yenyewe niliijua kuliko mtu yeyote wa mtaa wetu wa Kabondo. Nitaifikia, ingawa hainipendezi kuifikia.

Baraza lilikuwa la nyumba ya matofali, kwenye njia ya kwenda sokoni, miaka ile ya hamsini, mji wetu ulipokuwa na jina la Kizungu kwenye karatasi na jina la Kisangani midomoni mwetu. Upande wa kushoto ilikaa meza yake. Upande wa kulia ilikaa cherehani yangu ya kukanyaga. Katikati palikuwa na nguzo, na kwenye nguzo msumari, na kwenye msumari alitundika saa yake mwenyewe ya mfukoni kila alipokaa kufanya kazi, kwa sababu mnyororo ulimsumbua tumboni. Watu walimwita Papa Montre, yaani Baba Saa. Mimi nilimwita papa tu, kama inavyompasa mwanamke kijana kumwita mtu wa rika la baba yake, na yeye aliniita mama, kwa heshima, ingawa nilikuwa bado na mwaka mmoja tu wa ndoa.

Alikuwa mtu mfupi, vidole virefu, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni hata siku ambazo sisi wengine tulitamani kuvua ngozi. Ukucha wa kidole gumba cha kulia aliuacha mrefu, wa kufungulia migongo ya saa. Kile kioo chake cha jicho, lupe, alikivaa kwa waya uliozunguka kichwa, na mara nyingi alisahau kukivua. Alikwenda nacho sokoni kimekaa kwenye paji la uso. Wanawake wa samaki walimcheka wazi: "Papa Montre, leo unatazama samaki na jicho la tatu?" Naye aliinama juu ya samaki kweli, akamkagua mashavu, akanunua, akaondoka bila kucheka. Sijui hata leo kama alikuwa anatania nao au la.

Kazi yake aliianza kwa masikio. Mteja akifika, akianza kueleza saa imefanya nini, aliinua mkono kumnyamazisha. "Wacha. Isemage yeye mwenyewe." Aliiweka sikioni, akafumba macho, akakaa hivyo muda ambao mimi ningemaliza kushona mfuko mzima wa suruali. Kisha: "Bon. Tufungue tumbo."

Siku moja alikuja mtu wa treni kutoka ng'ambo ya mto, Lubunga, amevaa kofia ya kazi, ana hasira. Saa yake ilikuwa inasimama kila mara, akiitikisa inaondoka, kisha inasimama tena. Alikuwa amekwisha kumpa fundi mwingine aliyebadilisha springi bure.

"Springi haina kitu," papa akasema. "Springi inasukuma. Kuko kitu yenye inakatala kusukumwa."

Nami nikaacha kukanyaga, nikatazama. Kwanza alilegeza springi polepole, ili nguvu yake isirushe vitu. Akatoa lile gurudumu linaloyumba huku na huku, kisha uma mdogo unaoyazuia magurudumu yasikimbie. Magurudumu yalibaki yamepangana peke yake chini ya daraja zao, vile vibao vya chuma vinavyoyashikilia, kila moja limeshika meno ya jirani yake. Akazungusha kichwa cha saa, kile kifundo cha kujazia springi, kidogo tu, nusu ya nusu, na magurudumu yakatimka. Yalipofika mwisho yalisimama ghafla.

"Uliona?" akaniuliza mimi, si mwenye saa. "Ilisimama kufa. Ile yenye iko muzima, ikifika mwisho inarudia nyuma kidogo. Kidogo sana. Hii haikurudia. Donc, iko kitu kinaibana."

Akamuuliza mtu wa treni inasimama baada ya muda gani. Kila dakika moja, akajibiwa, au karibu. Papa akafurahi. Gurudumu la sekunde ndilo linalozunguka mara moja kwa dakika. La pili yake linachukua dakika saba au nane. La katikati linachukua saa nzima. Ukijua saa inasimama kila baada ya muda gani, umeshajua ukamate nani. Akalitoa la sekunde, akalishika kwenye mwanga, na ncha yake moja ilikuwa imepinda kiasi cha unywele. Mtu wa treni alitazama kwa lupe akasema haoni kitu. "Ni sawa," papa akamwambia. "Rudi siku ya ine."

Hapo nieleze hilo la siku ya ine, yaani Alhamisi, maana mji mzima ulilalamika. Ncha ile aliinyosha jioni ileile, mimi nikiona. Saa ilitembea. Lakini mtu wa treni aliporudi Alhamisi, baada ya kuvuka mto mzima kwa chombo, papa alimkalisha kwenye kiti cha pili, akamuuliza habari za watoto, za mvua, za njia ya treni, kisha akamwambia bado anaisikiliza, arudi siku ya ine nyingine. Alifanya hivyo kwa karibu kila mtu. Meza yake ilikuwa imejaa saa zilizopona. Nilipomwambia kwamba watu wataanza kumkimbia, alijibu kwamba saa ikipona lazima ikae kwanza chini ya macho ya daktari. Nilikuwa kijana, nikaamini kwamba ni mambo ya ufundi. Sikuona kwamba kile kiti cha pili alikifuta vumbi kila asubuhi kabla hajafuta meza.

Na huyu huyu, akiwa nao wateja, hakujua la kusema nao. Aliuliza maswali matatu ya watoto, mvua na njia, halafu mazungumzo yakakatika, akabaki anapuliza magurudumu kwa ile pira, kile kibofu cha mpira cha kubinya, cha kuwapigia watoto dawa ya tumbo kwa nyuma. Ndiyo, ileile. Aliinunua mpya, akaiweka karibu na mkono, na kila mama aliyepita na mtoto mgonjwa alidhani huyu mzee anatibu. Hakuwa mtu wa maneno. Alitaka watu wakae tu.

Mkewe ndiye aliyekuwa na maneno ya wawili. Alikuja adhuhuri na sahani, sauti yake inamtangulia tangu kwenye kona. "Miye niliolewa na mutu wa saa, na saa ya kula haijui!" Aliweka chakula juu ya meza katikati ya vyuma, papa akaruka kufunika magurudumu kwa bilauri, mama akacheka mpaka akashika nguzo. Walikuwa hawana mtoto nyumbani. Walikuwa na kicheko hicho. Mimi nilikula nao mara nyingi, sombe, yale majani ya muhogo, na samaki wa mto, na nikasema moyoni kwamba mume wangu na mimi tukizeeka hivi, nitashukuru.

Kisha yule mama, mke wa papa, akaugua, akalazwa hospitali. Wagonjwa waliruhusiwa kuonwa saa kumi mpaka saa kumi na moja jioni, kisha mlango wa uzio ukafungwa, na mlinzi hakuwa mtu wa kubembelezwa. Papa alikwenda kila siku na kibuyu cha uji. Kutoka baraza mpaka hospitali ilikuwa mwendo wa nusu saa. Kwa hiyo alitazama saa yake ile ya msumarini mara kwa mara, na mara kwa mara alilalamika. "Hii saa imekuwa muvivu siku hizi. Inaniiba dakika mbili, tatu." Nikamwambia aifungue basi aisafishe. Akasema atafanya, mama akitoka.

Sasa nimefika. Jumatano moja, papa alikwenda kununua uji, akaacha saa kwenye msumari. Nilikuwa nashona nguo za buluu za watoto wa shule, dazeni mbili, cherehani yangu inalia. Nikaitia mafuta, ikanyamaza, ikaanza kukimbia vizuri. Ndivyo tulivyofundishwa sisi washonaji: kitu kikiwa kizito, mafuta. Nikatazama msumari. Nikamhurumia yule mzee ambaye alitengeneza saa za watu wote, na yake ikamwibia dakika. Nikaishusha, nikafungua mgongo kwa ukucha kama nilivyomwona akifanya, nikachovya sindano ya mkono kwenye kopo la mafuta ya cherehani, nikadondosha tone moja kwenye meno ya magurudumu. Tone moja tu. Magurudumu yaling'aa. Nikafunga, nikatundika, nikarudi kwenye nguo zangu nimejaa furaha. Nilitaka aone mwenyewe kwamba imepona, ashangae.

Haikuiba tena dakika mbili tatu. Siku mbili ilikwenda sawasawa.

Ijumaa mvua ilikuwa imefunga mbingu tangu asubuhi. Jua halikuonekana, na kwa kishindo cha mvua juu ya mabati hata kengele hukuisikia. Papa alikuwa ameinama juu ya kazi, na zile saa za wateja mezani hazikuwa zimewekwa wakati, kila moja ilisema lake. Mimi nilikuwa nimebaki nyumbani kwa sababu ya njia zilizojaa maji. Alitazama saa yake ikasema bado. Alitazama tena, bado. Alipoivaa na kutoka, ilisema saa tisa na nusu, na ilikuwa inatembea, alihakikisha sikioni. Alipofika kwenye uzio, mlinzi alikuwa anafunga mnyororo. Akamwonyesha saa. Mlinzi akamwonyesha yake: saa kumi na moja. Ile ya papa ilikuwa imesimama saa nzima pale barazani, halafu, alipoishusha kwenye msumari, ikatikisika, ikaondoka tena kana kwamba haikufanya kitu.

Alirudi na kibuyu chake kimejaa. Asubuhi ya Jumamosi alikuja mtu kumwambia kwamba mama amekwisha kwenda. Mwuguzi alisema jioni ile mama aliuliza mara mbili kama mume wake amefika.

Baada ya mazishi hakutaja saa ngapi kwa mtu yeyote tena. Hiyo ndiyo sababu ya kidevu na mnara wa kanisa.

Msifikiri nilijua hapo hapo. Sikujua. Nililia kwenye matanga kama wengine, kwa moyo safi. Nilikuja kujua wiki kadhaa baadaye, kwa sababu ya mvuvi mmoja wa kule kwenye maporomoko. Alileta saa ya mkono iliyonuka kama jikoni. Papa aliifungua, akarudisha kichwa nyuma.

"Umetia nini humu?" papa akamwuliza.

"Mawese," mvuvi akasema, bila haya. "Ilikuwa inakauka."

Niliangua kicheko. Papa hakucheka. Akamweleza yule mtu taratibu, kama unavyomweleza mtu aliyefanya kosa kwa upendo, kwamba mafuta katika saa yanawekwa kwenye mashimo tu, mahali ncha zinapozungukia, tena kwa kiasi ambacho jicho halikioni. "Meno hapana. Meno ya saa hailage mafuta, hata siku moja. Ukitia mafuta ku meno, alors, kila kavumbi kenye kanapita kanashikama pale. Unywele, uzi, kila kitu. Leo inakimbia muzuri. Kisha kesho-kutwa inabana."

Mguu wangu ulikuwa kwenye kikanyagio. Ulikaa hapo. Nilitazama sindano niliyokuwa nimeishika, na kwenye tundu lake kulikuwa na manyoya ya uzi, kama kunavyokuwa siku zote, na siku ile ya Jumatano uzi ulikuwa wa buluu.

Ningesema siku ile. Nimejiambia mara elfu kwamba ningesema siku ile. Mvuvi alikuwapo, nikasema acha aondoke. Mvuvi akaondoka, nikasema acha papa ale kwanza. Alikula akigeukia ukuta, na alikuwa amenunua maboke mawili, samaki wa kuchomwa ndani ya majani. Moja alilisukuma upande wangu bila kunitazama. "Imebaki," akasema. Nikalichukua. Baada ya kula samaki ya mtu, unaanzaje?

Tangu hapo ikawa desturi yake, kila Jumapili baada ya misa ya kwanza, wakati mafundi wengine wamefunga, kukaa mezani na kuifungua saa yake ile ya msumarini. Si za wateja, ile tu. Nami nilifika na visingizio vyangu, nguo ya arusi, kifungo, ili niwepo. Alilegeza springi, akatoa gurudumu linaloyumba, akatoa uma, akavuta lupe jichoni, akainama. Mimi nikiwa upande wangu wa nguzo, mashine imenyamaza. Alikaa hivyo robo saa, wakati mwingine zaidi. Kisha akainuka, akasema neno moja.

"Bado."

Bado hajaona. Akarudisha vyote, akafunga, akatundika. Nami nikapumua, nikajichukia, nikaanza kukanyaga. Jumapili baada ya Jumapili. Nilishangaa kwamba mtu aliyeiona ncha iliyopinda kiasi cha unywele haoni uchafu wangu. Nikajiambia pengine hayupo mle, pengine mafuta yangu yalikauka yakaisha, pengine si mimi. Lakini sikumwomba anipe lupe nitazame. Niliogopa kumpoteza. Naye hakuwa na mtu mwingine, wala mimi mchana kutwa sikuwa na mtu mwingine. Mume wangu alikuwa karani, anatoka alfajiri anarudi giza limeingia. Tulikuwa watu wawili wenye nguzo katikati, na kelele ya cherehani yangu ilikuwa inamtosha yeye kama maongezi. Siku nilipougua malaria, alimwambia mume wangu kwamba baraza lilikuwa na kimya kibaya.

Alikuwa na ukali pia, nisimfanye mtakatifu. Alimfukuza muuza chikwange, ile mikate ya muhogo, kwa sababu aliegemea meza. Alimwita padre mwongo, mbele ya watu, kwa sababu kengele ilichelewa. Mtoto wangu wa kwanza alipozaliwa hakuja kumwona mpaka mwezi wa tatu, nami niliumia sana. Kisha akaja, akamwekea saa sikioni, mtoto akanyamaza kulia, na papa akakaa hivyo, mkono umeinuka, mpaka mkono ukaanza kumtetemeka. Aliondoka bila kuaga.

Kisha mume wangu akapewa kazi katika shamba la kahawa, Bengamisa. Tulifunga vitu. Jumapili yangu ya mwisho papa alifungua saa kama kawaida, akainama, nami nikasema moyoni, leo. Akisema tu neno lake, na mimi nasema langu. Aliinuka.

"Bado," akasema.

Nikasema, "Papa, ubaki muzuri." Wakapakia cherehani kwenye kamio, lori la kwenda Bengamisa.

Bengamisa kulikuwa na mvua, kahawa, na wanawake wema ambao hawakuwa majirani zangu. Niliweka cherehani barazani kwa mazoea, upande wa kulia. Upande wa kushoto hapakuwa na mtu. Nilijifunza kule kwamba mtu anaweza kuukosa ukimya wa mtu mwingine.

Nilirudi Kisangani baada ya miaka minne, mwaka wa mwisho kabla ya uhuru, kwa ubatizo wa mtoto wa dada yangu. Kamio ya Bengamisa ilinishusha Jumamosi, na ilikuwa inarudi Jumatatu asubuhi. Baada ya hapo hakuna nyingine mpaka juma lijalo. Mume na watoto watatu walikuwa wananingoja. Jumapili, baada ya maji kumiminwa na mtoto kupiga kelele zake, niliacha watu wakila nikaenda Kabondo kwa miguu.

Alikuwa pale, nyuma ya meza. Meza ilikuwa na saa mbili tu. Kiti cha pili kipo, hakina vumbi. Na upande wangu, mahali pa cherehani, sakafu ilikuwa imefagiliwa na haikuwekwa kitu. Hakupangisha mtu, hakuweka hata kapu.

"Nani?" akasema, nikiwa hatua mbili tu mbele yake. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu mweupe, yote mawili.

"Ni miye, papa. Mama wa mashine."

Aligeuza sikio upande wangu. Kisha akapapasa kiti cha pili, akakifuta kwa mkono. "Kaa. Watoto? Mvua ya kule? Njia?"

Nikamjibu yote matatu. Mazungumzo yakakatika mahali pale pale yalipokatikaga. Ilikuwa Jumapili, saa ilikuwa mbele yake, imefunguliwa. Vidole vyake vilikuwa vimeshatoa gurudumu na uma kwa kupapasa. Akavua lupe kichwani, akaninyoshea.

"Macho yangu imekwisha. Unitazamie weye."

Nilichukua. Nilipokivaa, waya ukanikwaruza sikio. Niliinama, na kwanza niliona dhahabu tupu, kisha meno, makubwa kama ya msumeno. Na pale gurudumu la katikati linaposhikana na jirani yake, katikati ya vijino vya jirani, palikuwa na kitu cha rangi ya kahawia, mafuta ya zamani yaliyoganda. Ndani yake ulilala uzi. Mfupi kuliko kope. Bado wa buluu.

Hakuna mtu mwenye macho mazima ambaye angetazama mle robo saa asiuone.

"Papa," nikasema. "Huu uzi ni wangu. Ni miye. Ile siku ya tatu, Jumatano ile, mama akiwa hospitali, nilitia mafuta ya mashine na sindano. Nilitaka kukusaidia. Ni miye nilifanya ukute mulango imefungwa."

"Najua."

"Unajua tangu wakati gani?"

"Siku ya mungu, Jumapili ile ya kwanza. Nilifungua, nikaona. Nani mwingine alikuwa anashona buluu?"

Nililia. Sikuweza hata kuondoa lupe, machozi yakajaa ndani ya kioo. Nikamuuliza kwa nini basi, miaka yote ile, alisema bado.

Akapapasa meza mpaka akaigusa pira yake, akaishika, hakuipuliza.

"Kama nilisema, ungebeba mashine yako," akasema. "Ungeona haya, ungeenda kukaa kwingine. Na miye ningebaki hapa na nani?"

Lilikuwa kweli. Ningeibeba siku ileile.

"Na kisha, tazama tena. Ku gurudumu ya katikati. Kuko jino moja iko imelala kidogo. Ile ni yangu. Niliigonga na pensi, hii koleo yangu ndogo, mwaka mingi kabla. Nilijua. Nilisema, bon, inapita, iache. Na ilikuwa inapita, mama. Na uzi wako peke yake ungepita. Sasa ile jino inazunguka na hesabu yake, uzi inazunguka na hesabu yake. Siku ile ya mvua vilikutana." Aliweka pira mezani. "Miye fundi. Ningesafisha saa yangu, ningeona vyote viwili. Nilisema, mama akitoka."

Watu walipita njiani wakitoka misa ya pili. Kisha akanisukumia kijiti cha mwanzi kilichochongwa na kikopo cha petroli, akaniambia nina mikono ya sindano, nitoe.

Nikatoa. Nilichovya kijiti, nikalainisha ile kahawia kidogo kidogo, nikauvuta uzi kwa ncha ya sindano niliyokuwa nayo kwenye kola, maana mshonaji hatembei bila sindano. Nikauweka juu ya kitambaa cheupe. Nilimwuliza kama ninyoshe na jino. "Liache. Peke yake linapita." Alizungusha kichwa cha saa, nusu ya nusu. Magurudumu yakatimka, yakafika mwisho, na kabla ya kusimama yakarudi nyuma kidogo, kidogo sana. Nilimwambia yamerudi. Alisema amesikia.

Uma niliurudisha mimi, na lile gurudumu linaloyumba pia, yeye akinielekeza kwa maneno na mimi nikiharibu. Mara ya tatu likakubali. Saa ilianza kugonga mkononi mwangu. Nikamwekea sikioni. Alifumba macho yake meupe, akasikiliza muda mrefu, kengele ya adhuhuri ikapiga ikaisha, naye bado anasikiliza.

Kisha akaifunga mgongo kwa ukucha, akainuka akashika nguzo, akapapasa msumari, akaitundika.

"Saa bado," akaniambia. "Rudi siku ya ine."

Ilikuwa inatembea. Nilikuwa naisikia pale nilipokaa, inagonga vizuri juu ya nguzo.

"Ndiyo, papa," nikasema. "Nitarudi."

Kamio ya Bengamisa iliondoka kesho yake asubuhi bila mimi.